Mwaridi wa Marashi, Mti Uchanuao Mara Moja kwa Mwaka



Hapana mtu wa pwani asiyejua harufu ya marashi ya waridi. Bibi arusi hunyunyiziwa, wageni wa maulidi hunyunyiziwa viganjani kwa mrashi wa fedha au wa shaba, na maiti naye, akiisha kuvikwa sanda, hutiwa marashi kabla hajatolewa nyumbani. Hata sisi tuliokulia bara katika shule za misheni, ambako mrashi ulikuwa kitu cha nadra, tuliijua harufu hiyo madukani, tukaijua tena katika halua iliyoletwa kutoka Unguja. Lakini mwulize mtu marashi hayo yatoka katika mti gani. Atakuonyesha kichaka cha waridi kilichopandwa mbele ya nyumba, kile kitoacho maua mekundu karibu kila mwezi. Jibu hilo ni nusu ya kweli, na ile nusu iliyosalia ndiyo tutakayoieleza leo, pamoja na namna ya kuupanda mti wenyewe na kuutunza.

Neno waridi tulilipata kwa Waarabu, ambao huliita ua hilo ward; na mrashi nao jina lake latoka katika neno lao la kunyunyiza. Jina likisafiri hivi, mara nyingi kitu chenyewe nacho kimesafiri. Majahazi yaliyokuja na upepo wa kaskazi yalileta Lamu, Mombasa na Unguja bidhaa za Maskati na za Uajemi, na marashi yalikuwa miongoni mwake. Ila mti wenyewe haukusafiri vyema. Maji yake yalivuka bahari, lakini shina lake lilibaki mlimani, na sababu yake si uvivu wa mabaharia, bali ni tabia ya mti huo.

Mawaridi ni ya namna mbili, ukiyagawa kwa desturi ya kuchanua. Namna ya kwanza huchanua, hupumzika kidogo, kisha huchanua tena, mwaka wote maadam kuna maji na joto. Hayo ndiyo mawaridi mengi ya bustani zetu za mjini, na ndiyo yalimwayo kwa wingi huko Naivasha, Kenya, na kupelekwa Ulaya kwa ndege. Ndani yake mna damu ya mawaridi ya Uchina, ambayo yaliletwa Ulaya mwishoni mwa karne ya 18, yakachanganywa na ya kule, yakawapa watoto wao kipaji hicho cha kuchanua mara kwa mara. Namna ya pili ni ya mawaridi ya kale. Haya huchanua mara moja tu kwa mwaka, kwa majuma machache, kisha basi. Mwaridi wa marashi ni wa namna hii ya pili. Wazungu huuita mwaridi wa Dameski, kwa jina la mji mkuu wa Sham, nao wataalamu huuandika kwa Kilatini Rosa damascena.

Ukiuona bila maua, hutausifu. Ni kichaka cha kimo cha mtu au kupita kidogo, matawi yake hutoka mengi pamoja shinani na kuinama huku na huku bila utaratibu, na miiba yake ni ya kila ukubwa, mingine imepinda kama kucha za paka, mingine ni membamba kama sindano. Jani lake limegawanyika katika vijani vitano, mara nyingine saba, vya rangi ya kijani iliyofifia. Ua lenyewe si kubwa kama yale ya dukani. Rangi yake ni ya waridi hasa, yaani si nyekundu wala si nyeupe, na yale majani laini ya ua, yaitwayo petali, hufika thelathini hivi, yamebanana bila mpango, kama nguo iliyokunjwa kwa haraka. Ukilikata na kulitia katika bilauri, kesho yake limekwisha pukutika. Basi kwa macho peke yake ua hili lingeshindwa na mengi. Lakini sogeza pua.

Wengine husimulia kwamba liligunduliwa Dameski na wapiganaji wa vita vya msalaba, wakalichukua Ulaya. Huenda ni hadithi tu. Jambo lililo hakika ni hili, kwamba mwaka 2000 wataalamu wa Ujapani walichunguza chembe za urithi za mawaridi manne ya kale ya jamaa hii, wakaona kwamba yana wazee watatu, na mmoja wa wazee hao ni mwaridi wa porini uotao katika milima ya Asia ya Kati. Tena waliona kwamba yote manne, ingawa maua yao hayafanani, yalikuwa na urithi ule ule. Maana yake ni kwamba mti huu haukuenezwa kwa mbegu. Mbegu huzaa mtoto asiyefanana na mamaye. Uliendelea kwa vipande vya matawi na kwa machipukizi ya shinani, mkono kwa mkono, baba kwa mwana, jirani kwa jirani, mamia ya miaka. Tunapenda sana habari hii. Vitu vichache vya kale vimefika kwetu vikiwa vizima namna hiyo.

Sasa tuseme kwa nini huchanua mara moja tu, maana mtu asiyelijua jambo hili ataupanda mwaridi, ataumwagilia, ataulisha samadi, na mwisho atapata miiba mitupu.

Wanafunzi wamesoma kwamba katika nchi zilizo mbali na ikweta mwaka una majira manne: ya joto, ya kupukutika majani, ya baridi, na ya kuchipua. Mwaridi wa marashi umefuata kalenda hiyo. Maua yakiisha, majira ya joto yanapoanza, mti hutoa matawi mapya, marefu na laini, yenye majani tu. Hutaona ua hata moja juu yake. Matawi hayo hukomaa na kuwa magumu. Baridi ikija, mti huacha kukua, majani yake mengi huanguka, nao hulala. Tusidhani kwamba umekufa. Hulala kama alalavyo mtu aliyefanya kazi, na usingizi huo ni sehemu ya kazi. Baridi ikipungua na jua likirudi, kwenye yale matawi ya mwaka jana hutokeza vichipukizi vifupi vya pembeni, na katika ncha za vichipukizi hivyo ndimo maua yatokeamo.

Basi angalia vizuri. Tawi lililoota mwaka huu halichanui mwaka huu. Sharti lipite baridi moja kwanza. Tawi la mwaka huu ni mama wa maua ya mwaka ujao. Mtu anayeingia bustanini na panga wakati wa baridi, akaona kichaka kimekauka na kuwa kibaya, akakisafisha mpaka chini, amekata maua yote ya mwaka ule kabla hayajazaliwa. Kichaka hakitakufa. Kitaota tena kwa nguvu, kijani kibichi, na mwenyewe atakisifu kwamba kimepata afya. Mwaka wa pili, baridi inapofika, kimekuwa kirefu tena, naye hukikata tena. Mtu wa namna hii aweza kukaa na mwaridi miaka kumi asilione ua, na kila mwaka akalaumu udongo, mbegu, au jicho la jirani.

Sheria hii haihusu mwaridi peke yake. Vichaka vingi vya bustani za nchi za baridi vichanuavyo mapema, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, vina tabia iyo hiyo, na mkulima wa kule hujifunza mapema kwamba kichaka cha namna hii hupogolewa maua yakiisha, si kabla.

Mahali tunapopenda kupatazama kwa mfano ni Omani, kwa kuwa jamaa nyingi za Unguja na za mwambao zina ndugu huko tangu zamani, na zaidi tangu Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja katika karne ya 19. Omani twaisikia kuwa nchi ya jua kali na mchanga, na kweli ndivyo ilivyo mahali pengi. Lakini juu ya mji wa Nizwa pana mlima uitwao Jabal Akhdar, yaani Mlima wa Kijani. Uwanda wa Saiq ulio juu yake una urefu wa meta 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari, kama futi 6,500. Watu wa Maskati wanapotoka jasho, wa huko juu huwa na upepo mzuri. Na katika miezi ya Desemba na Januari baridi yake huweza kufika mahali pa kugandisha maji. Hiyo ndiyo baridi iutakayo mwaridi.

Vijiji vya mlima huo, kama Al Ayn na Ash Shirayjah, vimejengwa ukingoni mwa genge, na chini yake watu wa kale walijenga kuta za mawe ngazi juu ya ngazi, wakajaza udongo nyuma yake, yakawa mashamba madogo madogo. Ukiyatazama kutoka ng'ambo ya bonde, kila shamba ni kama kipande cha mkeka kilichotandikwa juu ya daraja. Humo hupandwa komamanga, tunda ambalo jina lake kwetu bado latukumbusha Manga, pia jozi na vitunguu saumu, na kwenye kingo na nafasi zilizobaki, miwaridi. Maji yake hutoka katika chemchemi na kupita katika mifereji iitwayo falaj. Kila mwenye shamba ana zamu yake ya maji, na tangu zamani Waomani walizipima zamu hizo mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Hapana atoaye maji ya jirani bila ruhusa.

Mwisho wa mwezi wa Machi maua huanza, na kufikia katikati ya Mei yamekwisha. Katika majuma hayo kijiji chote huamka mapema. Maua huchumwa alfajiri na asubuhi, umande ungali juu yake, kwa sababu harufu ya ua ni mafuta mepesi sana, na jua likipanda mafuta hayo huruka hewani. Ua lililochumwa adhuhuri hunukia, walakini limekwisha kutoa hewani sehemu ya kile kilichotakiwa. Wachumaji huvunja ua zima chini ya kikombe chake na kulitia katika nguo iliyofungwa kiunoni au katika kikapu, na kabla jua halijawa kali wamekwisha rudi nyumbani.

Marashi hupatikana kwa kukeneka, yaani kuchemsha kitu mpaka kitoe mvuke, na kuupoza mvuke ule uwe maji tena. Mwarabu al-Kindi, aliyeishi katika karne ya 9, aliandika kitabu kizima juu ya manukato na ukenekaji wake, hata twajua kwamba ufundi huu una zaidi ya miaka elfu moja. Huko Jabal Akhdar jiko la desturi ni tanuri la udongo na mawe, limeachwa matundu juu. Katika kila tundu huwekwa chungu chenye petali na maji kidogo. Ndani ya chungu, juu ya petali, huwekwa bakuli tupu. Kisha mdomo wa chungu hufunikwa kwa chombo cha shaba chenye kitako cha mviringo, kimejazwa maji baridi. Moto ukiwaka, mvuke hupanda na harufu yote ya waridi, hukutana na kile kitako baridi, hugeuka matone, na matone hutelemka mpaka chini kabisa ya mviringo, yakadondokea ndani ya bakuli. Maji ya juu yakipata joto humwagwa na kutiwa mengine. Kazi hii huenda kwa saa nyingi, na petali mpya huongezwa. Mwisho marashi huachwa yatulie siku nyingi katika mitungi mpaka takataka zizame chini.

Marashi ya tanuri hilo si meupe. Yana rangi ya chai nyepesi na harufu ya moshi kidogo, na watu wazima wa Omani husema kwamba bila moshi huo si marashi kamili. Siku hizi wako watumiao majiko ya gesi na vyombo vya chuma kisichoshika kutu, na marashi yao hutoka maangavu kama maji ya mvua. Kila mtu na chaguo lake. Sisi tukiulizwa kwa ajili ya halua, tungechagua yale ya moshi.

Katika nchi nyingine mti huu hulimwa kwa ajili ya mafuta yenyewe. Kazanlak katika Bulgaria na Isparta katika Uturuki zina sifa kubwa kwa kazi hiyo. Taif katika Arabia na milima ya Kashan katika Irani hutoa mafuta na marashi pia. Ili kupata kilo moja tu ya mafuta ya waridi hutakiwa maua ya kilo 3,000 mpaka 4,000. Mwanafunzi na apige hesabu mwenyewe ni mikono mingapi na asubuhi ngapi, naye hatashangaa tena kwa bei yake.

Baada ya maelezo hayo, je, mtu wa Afrika ya Mashariki aweza kuupanda? Twamwambia mtu wa pwani kwa wazi kwamba asijisumbue. Mti utaota, utatoa majani na miiba, lakini hapana usiku wa pwani uwezao kuulaza usingizi. Afadhali apande asumini, ambayo yapenda joto, na ambayo harufu yake haina haja ya kuonea wivu mti wowote. Lakini watu wakaao nyanda za juu, penye baridi ya kuvaa sweta na kuota moto jioni, mfano Lushoto, Njombe au Limuru, wana haki ya kuujaribu. Wachague mahali pa juu kabisa pa kiwanja chao.

Mti upandwe mahali palipo wazi, penye jua tangu asubuhi, wala usiwe chini ya mti mwingine. Udongo usituamishe maji. Mwaridi huvumilia ukame kuliko miguu iliyolowa. Chimba shimo la futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, changanya udongo wake na samadi iliyooza barabara, isiwe mbichi, na kati ya shina na shina acha futi sita. Ukipata chipukizi la shinani lenye mizizi yake, lipande, na mwendo umekuwa mfupi. Walakini uliza kwanza: mwaridi alioutoa ulikuwa juu ya mizizi yake mwenyewe, au uliunganishwa juu ya shina la mwaridi mwingine? Kwa maana chipukizi litokalo chini ya kiungo ni la yule mwingine wa porini, nawe utalea mtoto asiye wako.

Kama hakuna chipukizi, kata kipande cha tawi lililokomaa, unene kama kalamu ya risasi, urefu kama shibiri. Kata chini ya tumba. Ondoa majani ya chini, kizike sehemu mbili katika tatu, penye kivuli chepesi, na udongo uwe na unyevu daima pasipo kuwa tope. Mwanzo wa masika ni wakati mzuri. Panda vipande kumi ukitaka vitatu.

Miaka miwili ya kwanza usikate kitu ila kilichokufa. Palilia, tandaza majani makavu chini yake ili udongo usikauke, na jenga ua, kwa sababu mbuzi hawaogopi miiba hata kidogo. Sisi hatujapata kuona mnyama apendaye waridi kama mbuzi. Mwaka wa tatu kichaka kitakuwa kimetosha kukuonyesha kazi yake.

Kusini ya ikweta, nyanda zetu hupata baridi yake kuanzia Juni mpaka Agosti. Mwezi wa Mei ukikaribia kwisha, punguza maji na usitie samadi yoyote, ili mti usitoe chipukizi changa wakati upasao kulala. Ukiona majani yanageuka manjano na kuanguka, usiogope wala usishike kisu. Kuelekea Septemba, joto likianza kurudi, mwagilia tena kwa wingi. Vile vichipukizi vifupi vikitokea pembeni mwa matawi ya zamani, ujue kwamba ulichongojea kimekaribia. Hapo angalia vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaokusanyika kwenye matumba na kuyanyonya. Maji ya sabuni yatawaondoa. Ukikuta kidudu chekundu cha mviringo chenye madoa meusi mgongoni, mwache, kwa kuwa chakula chake ni vidukari hao hao. Majani yakipata madoa meusi, yaokote yaliyoanguka na kuyachoma moto, yasiachwe kuoza chini ya shina.

Ua la mwisho likiisha kupukutika, wakati wa kupogoa umefika, wala usiukawize mwezi mzima. Tazama matawi yatokayo shinani. Yaliyo mazee utayajua, gome lake ni jeusi na lenye makwaruzo. Katika kila matatu ya namna hiyo ondoa moja mpaka chini. Vitawi vilivyochanua vifupishe kwa theluthi. Kisu au mkasi uwe mkali, mkato uwe wa mshazari, juu kidogo ya tumba linalotazama nje, ili katikati ya kichaka pabaki na hewa. Baada ya hayo upe mti samadi na maji, maana sasa ndipo unapoyatengeneza matawi ya mwaka ujao. Yakiwa marefu mno, yainamishe taratibu na kuyafunga kwenye vigingi. Tawi lililolala hutoa maua tangu shina hadi ncha, na lililosimama wima hutoa nchani tu. Wenye mashamba makubwa, katika nchi nyingine, wana taratibu nyingine za kupogoa kwa kufuata hewa yao, lakini kwa kichaka kimoja au viwili vya nyumbani hii yatosha.

Inafaa tuseme pia kwamba maisha ya mwaridi huko Jabal Akhdar si mepesi kama zamani. Punda waliopanda mlima wakiwa na mizigo wamepokewa na barabara ya lami, na barabara imeleta wageni, nyumba mpya na hoteli, ambazo zote zahitaji maji. Chemchemi hazijaongezeka. Mvua ikikosa miaka mfululizo, mwenye ngazi kumi za shamba hunywesha tano, na nyingine huachwa, kuta zake zikabomoka. Vijana wengi wana kazi Maskati na Nizwa, na wengine hurudi kwa majuma ya mavuno tu. Tena, wataalamu waliopima hali ya hewa ya bustani za mlima huo kwa ajili ya miti ya matunda walieleza mwaka 2009 kwamba saa za baridi zimekuwa zikipungua. Kwa mti wa kawaida jambo hilo lingekuwa dogo. Kwa mti uwekao maua yake yote ya mwaka katika usingizi mmoja wa baridi, ni jambo la kutia hofu, kwa kuwa hauwezi kuhama kwenda juu zaidi. Juu ya Saiq ni mawe.

Mwenye kichaka kimoja hatapata chupa nyingi, lakini atapata ya kutosha nyumba yake, bila tanuri. Achume asubuhi. Asitumie kamwe maua yaliyonunuliwa dukani wala yaliyopigwa dawa ya wadudu, kwa sababu dawa ile haikutengenezwa kuliwa, na maua mengi ya dukani hayana harufu ya kumfaa. Atie petali katika sufuria pana, maji yafunike tu. Katikati aweke kijiwe safi, na juu ya kijiwe bakuli dogo lililo tupu. Afunike sufuria kwa kifuniko kilichogeuzwa, kitovu chake kitazame chini juu ya bakuli, na juu ya kifuniko atie maji baridi. Moto uwe mdogo, maji yasitokote kwa fujo yakaingia bakulini. Ayabadilishe maji ya juu kila yapatapo joto, na baada ya saa moja hivi atazame. Matone ya kwanza ndiyo yenye harufu kali. Yakianza kunukia kama majani yaliyochemshwa, aondoe bakuli. Chupa iwe imechemshwa na kukaushwa, ijae mpaka shingoni, ifungwe kwa kizibo kinachobana, na iwekwe kabatini penye giza na ubaridi, mbali na jiko.